Kuchagua taa ya kazi ya LED ya kuchaji: mwongozo kwa mafundi na wenye nyumba wa Kigoma

Kwenye maduka ya vifaa ya eneo la Mwanga, mjini Kigoma, taa za LED za kuchaji huuzwa kwa wati: 50W, 100W, 200W, nyingine 500W, na zote zinaenea kiganjani. Namba hizo hazikusaidii kuchagua. Taa ya betri ina kikomo kimoja kisichokwepeka, nacho ni nishati iliyomo ndani ya betri yake. Ukijua kuipima, kwa kikokotoo cha simu tu, utajua taa itawaka kwa nguvu gani na kwa saa ngapi kabla muuzaji hajaiwasha. Kwa fundi wa Kigoma jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mzigo mwingi unatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na taa ikikufia wiki ya pili si rahisi kuirudisha ilikotoka.

Hatua ya 1: Andika kazi, eneo na saa

Mwanga unaofika juu ya kazi hupimwa kwa laksi. Mwanga wote unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na lumeni moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba ndiyo laksi moja. Kubeba tofali, kupita na kuchanganya zege kunataka laksi 50 hadi 100. Kupiga plasta, kupanga marumaru au kufunga dari la jipsamu kunataka 150 hadi 300. Kufunga waya kwenye meinswichi, kusafisha kabureta na kupaka rangi ya mwisho ni laksi 500 au zaidi.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, kuta za tofali za kuchoma ambazo hazijapigwa plasta. Sakafu ni mita 12 za mraba, kwa hiyo laksi 150 ni lumeni 1,800. Tofali jekundu na sakafu ya zege hunyonya mwanga mwingi, ongeza nusu yake: lumeni 2,700. Usizitafute kwenye taa moja. Taa mbili za lumeni 1,300 hadi 1,500 zikipiga kutoka pande mbili huondoa kivuli chako mwenyewe ukutani. Taa moja kubwa haiwezi kufanya hivyo hata ikiwa na lumeni 5,000.

Fundi pikipiki anayeinamia injini hahitaji kiasi hicho. Eneo lake la kazi halizidi nusu mita ya mraba, na lumeni 250 hadi 300 zilizokaa karibu zinamtosha kabisa. Umbali ndio unaokula mwanga: umbali wa taa na kazi ukiwa mara mbili, mwanga unaofika unabaki robo. Kabla ya kununua taa kubwa zaidi, jiulize kama uliyonayo haiwezi kusogezwa.

Andika pia saa, na uandike za kweli. Kumalizia kazi baada ya jua kuzama ni saa 2 au 3. Fundi anayetia kalafati (kuziba mianya ya mbao) kwenye mtumbwi pale Kibirizi, ambaye chombo kinatakiwa majini alfajiri, anahitaji saa 6 na zaidi.

Hatua ya 2: Geuza saa kuwa wati-saa

Nishati ya betri ni volti mara ampia-saa, na jibu lake ni wati-saa, zinazoandikwa Wh. Kama betri imeandikwa mAh, gawa kwanza kwa 1,000. Seli ya lithiamu ya 3.7V na 3,000mAh ni 3.7 × 3, yaani 11.1Wh. Betri ya drili ya 18V na 3Ah ni 54Wh.

LED iliyotengenezwa vizuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Zipo za 80 na zipo za 130, lakini 100 inatosha kwa hesabu ya dukani. Chumba chetu cha lumeni 2,700 kinakula wati 27. Kwa saa 3 ni 81Wh. Ongeza moja ya tano kwa nishati inayopotea kwenye sakiti na kwa betri kuchoka, unafika karibu 97Wh. Betri mbili za drili za 18V 3Ah zinatoa 108Wh, zinatosha. Yule fundi pikipiki anatumia wati 3. Kwa saa 3 ni 9Wh, na seli moja nzuri inambeba jioni nzima.

Sasa igeuze hesabu hiyohiyo ikukagulie boksi. Seli iliyozoeleka kwenye taa hizi ni ile ya duara iitwayo 18650, upana milimita 18 na urefu milimita 65. Seli bora kabisa za ukubwa huo zinaishia karibu 3,500mAh. Ukikuta seli moja imeandikwa 6,800 au 9,900mAh, namba hiyo imebuniwa, na mara nyingi ndani hakuna zaidi ya 1,500. Tuseme ni 1,500: hiyo ni 5.55Wh. Taa ya "200W" ingeimaliza kwa muda usiofika dakika 2. Boksi hilohilo linaahidi saa 8 za kuwaka. Gawa 5.55 kwa 8, unapata wati 0.7, sawa na lumeni 70. Ama inawaka saa 8 kwa lumeni 70, ama inawaka kwa nguvu kwa muda mfupi sana. Vyote viwili kwa pamoja haviwezekani.

Hata taa za kampuni zinazosema kweli zina jambo la kuangalia kwenye saa. Kiwango cha Marekani cha ANSI FL 1, ambacho huandikwa kwenye maboksi ya taa nyingi nzuri, huhesabu muda mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Saa 6 za boksi zinaweza kuwa saa 2 za kufanyia kazi na saa 4 za kuonea njia. Tafuta kwenye boksi au kijitabu mchoro wa mwanga dhidi ya muda. Kama haupo, iamini hesabu ya wati-saa.

Hatua ya 3: Chagua aina ya betri

Kama tayari una drili au grinda ya kuchaji, anzia hapo. Nunua kichwa cha taa cha kampuni ileile, bila betri, utumie betri ulizonazo. Huu ndio ununuzi tunaoupendekeza kwa fundi yeyote wa ujenzi. Usichanganywe na maandishi ya 18V na 20V: zote mbili ni seli tano mfululizo, ila moja imehesabiwa kwa volti 3.6 za kawaida kwa seli na nyingine kwa volti 4 hivi za betri iliyojaa. Hata hivyo betri ya kampuni moja haiingii kwenye taa ya kampuni nyingine.

Kuna hatari moja hapa. Baadhi ya betri za drili hazijikati zenyewe zikiisha. Zinategemea kifaa kilichozishika kizime. Taa ya kuiga isiyo na ulinzi huo inaendelea kunyonya hadi seli zinakufa, na chaja ikiwekewa betri hiyo inaikataa. Taa ikianza kufifia chomoa betri, pima kwa multimita. Ikiwa chini ya volti 15, huenda hiyo taa haina ulinzi, na kuanzia siku hiyo usiiache ikiwaka bila mtu.

Kwa taa zenye betri ndani, lithiamu ya kawaida ya 3.7V ni nyepesi na hubeba nishati nyingi. Lithiamu ya fosfeti, inayoandikwa LiFePO4 au 3.2V, ni nzito kidogo lakini huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi zaidi, mara 2,000 na kuendelea. Kwa taa itakayochajiwa kila siku kwa miaka, chagua hiyo. Betri ya risasi ya 6V 4Ah, ile nzito ya kwenye tochi kubwa za zamani, ina 24Wh kwenye lebo, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, na ikiachwa tupu mwezi mzima hairudi. Labda kwa mlinzi anayeichaji kila asubuhi. Kwa fundi haifai.

Hatua ya 4: Kagua mwili wa taa

Kinga ya taa dhidi ya vumbi na maji huandikwa kwa herufi IP na namba mbili. Ya kwanza ni vumbi, mwisho wake 6. Ya pili ni maji. Kwa kazi za ndani IP44 inatosha. Kwenye vumbi la grinda na saruji, au kazi ya nje kati ya Novemba na Aprili mvua zinapokuwepo, chukua IP65. Kwa ufukweni na ndani ya mtumbwi chukua IP67, ambayo huvumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Kumbuka IP67 haisemi kwamba taa inaelea, ifunge kamba. Ulinzi wote huo unategemea kizibo kidogo cha mpira kwenye tundu la chaji. Kikikatika, IP65 yako imekwisha, na vumbi la saruji likikutana na unyevu linaganda kwenye pini. Chagua taa ambayo kizibo chake ni kinene na kimefungwa kwa skrubu, siyo kile kilichoning'inia kwa uzi mwembamba wa mpira.

Mgongo uwe wa alumini wenye mapezi. Chipu ya LED huzeeka kwa joto, na njia kuu ya joto kutoka ni mgongoni. Taa ya plastiki tupu inaweza kuwa sawa kwa lumeni 200 au 300. Juu ya hapo inajipika.

Stendi ni nusu ya taa. Unahitaji mguu unaokunjika na kusimama bila kuteleza, kulabu inayoingia kwenye mbao ya inchi 2 (jaribu, nyingi haziingii), na sumaku kama unafanya kazi za magari. Kwa chumba, stendi ya miguu mitatu ya kufika mita 2 ndiyo inayoleta tofauti kuliko kuongeza lumeni.

Hatua ya 5: Rangi ya mwanga

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini (K), na kelvini 4,000 hadi 5,000 ndiyo nyeupe ya kazi. Zile za 6,500 zina ubluu unaochosha macho. Kelvini 3,000, ya manjano, ina faida yake hapa kwetu: mvua za kwanza zikishuka na kumbikumbi wakatoka, mwanga wa manjano huita wadudu wachache kuliko mweupe. Kama unapaka vanishi au rangi ya mafuta usiku wa msimu huo, weka taa nyeupe kali nje, mbali na mlango, wadudu wakimbilie huko, na ndani tumia ya manjano.

Uwezo wa taa kuonyesha rangi sahihi huandikwa CRI au Ra. Isipungue 80, na kwa kupaka rangi au kufunga umeme itafutwe ya 90. Taa yenye CRI ndogo inaweza kufanya waya wa kahawia na mwekundu ufanane.

Hatua ya 6: Jaribu dukani

Nenda na simu, kipande cha waya wa kahawia na cha mwekundu, kebo ya USB-C yenye vichwa vya C pande zote mbili, na bisibisi ndogo ya nyota.

Washa taa kwa mwanga wa juu kabisa mwanzoni mwa mazungumzo ya bei na uiache ikiwaka. Weka simu mita moja mbele yake, fungua programu ya bure ya kupima laksi na uandike namba. Simu haipimi kwa usahihi, lakini inalinganisha vizuri. Baada ya dakika 20, simu ikiwa palepale, soma tena. Ikishuka kwa moja ya kumi hivi ni kawaida. Ikishuka kwa nusu, ama taa haina sakiti ya kudhibiti umeme, ama inajipunguza kwa sababu imezidiwa joto.

Hapohapo shika mgongo wake. Ukiwa wa moto sawasawa, ni habari njema: joto linatoka kwenye chipu. Mgongo ukiwa baridi huku kioo cha mbele kinaunguza, joto limefungiwa ndani na chipu haitadumu.

Elekeza kamera ya simu kwenye taa, kwanza kwa mwanga mkubwa, kisha kwa mdogo. Mistari myeusi inayotembea kwenye skrini ina maana taa inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni. Kwa kusoma ramani haina neno. Kwa grinda na msumeno wa duara ina neno kubwa: kupepesa kukilingana na mzunguko, diski inayozunguka inaonekana imesimama. Taa ya namna hiyo isiingie kwenye karakana.

Weka zile waya mbili chini ya mwanga, halafu kiganja chako. Kama waya hutenganishi au kiganja kinaonekana cha kijivu, iache. Kisha punguza mwanga hadi chini na uangalie bati la njano la chipu kwa upande: vitone vyote viwake kwa kiasi kimoja.

Chomeka kebo ya C kwa C. Taa nyingi za bei nafuu zina tundu la USB-C lakini hazikuwekewa vipinga vinavyotakiwa, kwa hiyo zinachaji tu kwa kebo yenye kichwa kikubwa cha zamani upande wa chaja. Bado unaweza kuinunua, mradi ujue, usije ukadhani imekufa.

Mwisho omba ruhusa ya kufungua skrubu. Muuzaji akikataa ni haki yake. Akikubali, angalia mambo matatu. Idadi ya seli na namba zake. Bamba dogo la sakiti ya ulinzi kati ya betri na LED. Na kama betri imeunganishwa kwa plagi au imelehemiwa moja kwa moja. Ya plagi utaibadilisha mwenyewe siku ikichoka. Seli ya 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ikiwa chini ya 35 kwenye mizani ndogo, ndani imejazwa kidogo.

Hatua ya 7: Panga jinsi ya kuchaji

Chaja ya 5V 2A ni wati 10. Betri ya 37Wh, yaani ile ya 10,000mAh, inachukua saa 4 na nusu hadi 5. Kwa chaja ya 1A zidisha mara mbili. Muda huu ni kipimo kingine cha ukweli: taa iliyoandikwa 10,000mAh ikijaa kwa saa 2 tu kwenye chaja ya 5V 1A imepokea 10Wh basi, na betri yake haifiki 3,000mAh. Fanya jaribio hilo siku ya kwanza, risiti ikiwa bado mkononi na waranti ikiwa hai.

Kama mnapofanyia kazi hakuna umeme, paneli ndogo ya sola yenye wati 10 za kweli, siku ya jua la saa 5, inaleta karibu 35Wh baada ya upotevu. Siku za mawingu hesabu theluthi. Vipaneli vya ukubwa wa simu vilivyobandikwa mgongoni mwa taa havitoi zaidi ya wati 1 au 2. Ni vya kuongezea, usivitegemee kujaza taa ya kazi, na kuviweka juani kunapasha betri iliyo nyuma yake. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na juu ya bati la paa adhuhuri ya Agosti unapita hapo haraka. Paneli ikae juani, taa ikae kivulini, kebo iwaunganishe.

Kuiweka kazini

Kwa kazi ya chumba inua taa hadi mita 2, iinamishe kama nyuzi 45, nyuma ya bega lako, na nyingine upande wa pili. Isimulike aliye juu ya ngazi machoni. Ukikagua plasta au skimu geuza mpango wote: taa moja, iliyolazwa sentimita 10 kutoka ukutani, mwanga ukiteleza kuufuata ukuta. Kila kinundu na kila shimo vitatoa kivuli, na utavisahihisha kabla ya rangi. Kwa kalafati, taa ikae ndani ya mtumbwi ukiwa nje: penye mwanya mwanga unapenya kati ya mbao na unaona pa kujaza pamba.

Karibu na petroli au tangi la boti, washa taa ukiwa mbali kisha uisogeze. Usibonyeze swichi wala kubadilisha betri penye mvuke. IP67 inazuia maji na vumbi, haina maana kwamba taa imethibitishwa kwa sehemu za gesi zinazolipuka.

Ikianza kusumbua

Ikiwaka dakika chache na kuzima, betri imechoka au ulinzi unakata; pima seli ikiwa imejaa, inapaswa kusoma karibu volti 4.2, na kwa LiFePO4 kati ya 3.3 na 3.6. Ikishuka chini ya 3.5 mara tu ukiwasha taa, badilisha seli (kwa LiFePO4, ambayo kawaida yake ni 3.2 ikiwaka, hesabu chini ya 2.8). Isipochaji kabisa, safisha tundu kwa mswaki mkavu na spiriti kabla ya kulaumu betri. Ikipepesa ukiitikisa, tatizo ni swichi au lehemu ya waya, na fundi wa simu yeyote anaimaliza.

Ukiweka taa kwa miezi bila kazi, iache na chaji nusu, sehemu yenye kivuli, na uiguse kwa chaji kila baada ya miezi 3. Betri iliyovimba usiitoboe, usiichaji tena, na usiitupe motoni wala chooni. Itoe nje ya nyumba, iweke kwenye ndoo yenye mchanga mkavu mpaka umpelekee fundi au duka linalopokea betri chakavu.